Kutia rangi chokoleti nyeupe: soma kopo kabla hujalipa

Kamati ya sendofu ikishapanga rangi za sherehe, hakuna kinachosalimika: vitambaa vya meza, sare, maputo, na siku hizi hata vibonge vya keki vya kijiti na stroberi za kuchovya kwenye chokoleti nyeupe. Mteja anatuma picha ya kitambaa kwa WhatsApp, "Dada, nataka iwe hivi hivi." Nachovya kwa oda hapa Dar, na nakuambia kuchovya kwenyewe mtu hujifunza jioni moja. Rangi ndiyo inayowatoa watu jasho.

Chokoleti nyeupe ni mafuta, sukari na maziwa ya unga. Sukari ile imeelea ndani ya mafuta, kavu kabisa. Ukidondosha maji hata kidogo, sukari inalowa, chembe zinashikana, na bakuli zima linakuwa uji mzito wa mabonge. Sasa angalia rangi tunazozoea. Ya maji ina maji. Ya jeli, ile nzuri ya krimu ya keki, nayo mara nyingi ina maji, au glisirini na sharubati ya sukari, ambazo hazielewani na mafuta. Na ile ya unga ya bei poa, tunayotilia ubuyu na visheti? Nyingi huyeyuka kwenye maji tu, kwa hiyo ndani ya chokoleti inabaki vidoadoa kama dagaa wamemwagiwa pilipili.

Unayohitaji ni rangi ya mafuta, ile iliyoandikwa kuwa ni ya chokoleti. Usiridhike na picha ya mbele, geuza kopo usome viambato. Ukiona mafuta ya mimea au siagi ya kakao mwanzoni, chukua. Ukiona maji, rudisha. Zipo pia rangi za unga zinazofaa mafuta, ila kwanza zikoroge na kijiko cha chai cha mafuta ya nazi yasiyo na harufu hadi zilainike, ndipo uzimimine. Rangi hizi za mafuta ni ghali kuliko za kawaida, lakini kopo moja linakaa sana kwa sababu unatumia matone.

Kuhusu chokoleti yenyewe, kwa joto letu nashauri kompaundi, ile iliyotengenezwa kwa mafuta ya mimea badala ya siagi ya kakao. Ladha yake haifikii chokoleti halisi, hilo sikufichi. Lakini inaganda na kung'aa bila kuhangaika na vipimo vya joto, wakati siagi ya kakao huyeyuka kwenye nyuzi 34 hivi, na jikoni kwetu Februari hazipo mbali na hapo.

Yeyusha taratibu. Kwenye maikrowevu, nusu ya nguvu, sekunde 30 kisha koroga, urudie. Juu ya sufuria, maji yasichemke na mvuke usipande kwenye bakuli. Ikivuka nyuzi 45 inaanza kuungua na kuwa nzito. Bakuli na mwiko viwe vikavu. Ikishaganda mabonge usipoteze muda kuifufua kwa kuchovya: mimina maziwa ya moto au krimu, koroga, upate sosi ya kuwekea katikati ya keki.

Halafu kuna jambo ambalo wengi hawalioni: nyeupe hii si nyeupe, ina unjano wa siagi. Ndiyo maana samawati yako inageuka kijani cha bahari. Anza na tone dogo mno la zambarau, koroga, unjano upoe, ndipo utie bluu. Zipo rangi nyeupe za kuisafisha, lakini nyingi zina titani dioksidi, E171, ambayo Umoja wa Ulaya uliiondoa kwenye vyakula mwaka 2022. Mimi situmii.

Waridi na zambarau nyepesi ni rahisi. Nyekundu kali na damu ya mzee ndizo mtihani, maana utamimina rangi mpaka chokoleti iwe chungu na wageni wacheke na meno mekundu. Kwa damu ya mzee changanya nyekundu na chokoleti ya kahawia kidogo. Nyeusi ianzie kwenye chokoleti nyeusi moja kwa moja. Paka kidogo kwenye karatasi ya kuokea, iache igande, uitazame kwenye mwanga wa mchana kabla ya kuongeza, kwani rangi za mafuta hukolea zikikaa.

Anayetaka vitu vya asili, manjano ya unga hukubali mafuta, na tone la mawese hutoa chungwa zuri, ila harufu yake usiifanyie mchezo. Manjano hupauka juani. Rosela na bitiruti vina rangi ya maji, viache kwenye juisi.

Ukishachovya, friji ni ya dakika chache tu. Vikikaa humo muda mrefu, vikitoka vinatoka jasho na matone yanaacha alama. Afadhali chumba chenye kiyoyozi na boksi lililofungwa.

Inayobaki imwage kwenye karatasi ya kuokea, igande, uivunje na kuifunga kila rangi peke yake. Vipande vya rangi zilizochanganyika usivitupe, vitakufaa siku ya oda ya kahawia.