Nauli moja, nakala tatu: kwa wanaoanza kuandika komponenti

Wanangu, misimbo ya React (maktaba ya JavaScript ya kujengea kurasa kwa vipande, ndizo komponenti) mliyoleta wiki hii nimeisoma yote. Inafanya kazi, hongereni. Lakini nauli moja mmeiweka kwenye hali ya fomu (state, yaani data ambayo komponenti inaikumbuka), mkaiweka tena kwenye muhtasari, kisha tena kwenye kitufe cha kulipia. Waliokutangulieni walikanywa hili hili, na nyinyi nakukanyeni.

1. Hali iwe na mwenyewe mmoja. Komponenti mbili zikiihitaji, ipandisheni kwa mzazi wao wa karibu, iteremke kwa propsi, yaani thamani ambazo mzazi humpa mtoto.

2. Kinachohesabika hakihifadhiwi. Hapa nakaa kitako. Tulikuwa na mfumo wa tiketi za boti hapa Unguja, wenye bei ya mkaazi na bei ya mgeni. Aliyeandika fomu akaweka aina ya abiria katika hali, na nauli katika hali nyengine, akaziunganisha kwa useEffect, amri ya React inayofanya kazi baada ya komponenti kuchorwa. Mwenzake akaongeza muhtasari pembeni, akaipokea nauli kwa propsi na kuitia ndani ya useState yake, ndiyo amri ya komponenti kuwekea hali. Sasa useState huchukua thamani ya mwanzo mara moja tu, komponenti inapozaliwa. Propsi ikibadilika baadaye, useState haina habari. Mtu akijisahihisha kutoka mkaazi kuwa mgeni, fomu inaonesha bei mpya, muhtasari umebaki na ya zamani, na kitufe kinatuma ya muhtasari. Watu wakafika bandarini Malindi na pasipoti za nje na tiketi za wakaazi. Foleni ikasimama, boti ya Pemba inangojea, na aliyetukanwa ni karani wa watu pale dirishani, asiyejua useState wala useEffect. Hilo linaniuma mpaka leo. Dawa yake ilikuwa kufuta: nauli ikahesabiwa kwa mstari mmoja, kutokana na aina ya abiria, kila komponenti inapochorwa.

Wakubwa nao yamewafika. Facebook walihangaika na kihesabio cha ujumbe usiosomwa kilichokuwa kikirudi tena na tena, na mwaka 2014 wakatangaza Flux, utaratibu wa kuifanya data iende upande mmoja.

3. Redux, maktaba ya kuweka hali ya programu nzima mahali pamoja, si ghala la kila kitu. Menyu kuwa wazi au kufungwa ni shauri la menyu yenyewe.

4. Konteksti huzifikishia komponenti za chini thamani bila ya kupitisha propsi ngazi kwa ngazi. Thamani yake ikibadilika, kila anayeisoma huchorwa upya. Lugha iwe na konteksti yake, mtumiaji na yake.

5. Msisukume kitu ndani ya safu (array, yaani orodha) ile ile kwa push. React ikiona safu haijabadilika, inapita. Tengenezeni safu mpya.

6. Tarehe na bandari anazotafuta mtu ziwekeni kwenye anwani ya ukurasa, amtumie nduguye kiungo kwa WhatsApp naye aone safari zile zile. Aliyefanya hivyo kwenye ukurasa wa safari za Wete ni yule binti aliyeingia baada yenu nyote, na hakuambiwa na mtu. Mkikwama, mwanzie mezani kwake kabla ya kwangu.