Sauti ya Valerie ni ya nani?

SWALI: Shikamoo Shangazi. Binti yangu wa miaka tisa amezama kwenye Josie and the Pussycats, ile katuni ya zamani ya Marekani, na kipenzi chake ni Valerie. Kaka yake anamvunja moyo. Anasema mwimbaji ni Josie, mpiga ngoma ni Melody, na Valerie kapewa tari ili tu asikae mikono mitupu. Ni kweli? Na walioimba ni akina nani hasa?
Mama wa mashabiki wawili

JIBU: Marahaba, mwanangu. Mwambie huyo kijana afumbe macho wimbo wa kufungulia unapoanza. Kwa kuwa Josie ndiye kiongozi wa kundi na gita analo yeye, ile sauti inayoongoza tunampa yeye. Hata mimi nilimpa Josie kwa miaka mingi. Kumbe ni ya Patrice Holloway, msichana Mweusi wa Los Angeles aliyekuwa na miaka 19, na kwenye katuni yeye ndiye Valerie anapoimba.

Nusura tusimsikie. CBS, kituo cha televisheni cha Marekani, ilianza kuirusha katuni hiyo Septemba 1970. Kabla ya hapo, studio ya Hanna-Barbera ilimpa mtayarishaji Danny Janssen kazi ya kutafuta wasichana watatu wa kuimba na kurekodi santuri. Akamchukua Patrice, Cathy Dougher awe Josie, na Cheryl Ladd, ambaye siku hizo alijiita Cherie Moor, awe Melody. Studio ilikuwa imeshaamua kwamba wasichana wote watatu wa kuchorwa wawe Wazungu, ikamtaka Janssen amwache Patrice. Akakataa katakata: Patrice akiondoka, naye anaondoka. Walivutana kama wiki tatu, studio ikalegea, Valerie akachorwa Mweusi. Hivyo ndivyo alivyokuja kuwa msichana Mweusi wa kwanza kuwa mhusika wa kudumu katika katuni za Jumamosi asubuhi.

Sauti ndiyo iliyotangulia, mchoro ukaifuata. Kusema katiwa kujaza nafasi ni kumdhulumu, tena Patrice hakuwa mgeni wa muziki: yeye na dada yake Brenda ni miongoni mwa watunzi wa wimbo ambao bendi ya Blood, Sweat & Tears iliufikisha nafasi ya 2 Marekani mwaka 1969.

Tari nayo naitetea. Kijana atazame The Archie Show ya 1968, katuni nyingine yenye bendi: Betty ana tari, Veronica kinanda, na ngoma anapiga Jughead, mvulana. Miaka miwili baadaye wasichana wanashika gita, tari na ngoma wenyewe, na Alan, pande la mtu, anawabebea vyombo! Kwangu hilo ni jambo kubwa. Na wakinaswa na maadui, mara nyingi anayefikiri haraka na kuichokonoa mitambo hadi ikatii ni Valerie yuleyule wa tari.

Patrice alifariki mwaka 2006. Ukiwawekea watoto wimbo ule tena, watajie jina lake kwanza. Binti aimbe sauti ya kuongoza huku tari iko mkononi, na kaka yake aitikie.