Maswali ya Wasomaji: Jedwali Kwanza, Django Baadaye

SWALI: Nafundisha vijana kompyuta wikendi hapa Kayole. Wamemaliza kidato cha nne na Python ya msingi wanaijua. Nilipowaanzishia Django (mfumo wa Python wa kutengenezea tovuti) walinakili kila kitu ubaoni, tovuti ikafunguka, lakini nikiuliza data imekaa wapi, kimya. Wengine wameacha kuja. Nifanyeje?

JIBU: Mwalimu, vijana wako si wazito. Django huificha hifadhidata makusudi ili anayeijua asichoke kuandika SQL, lugha ya kuzungumza na hifadhidata. Asiyeijua hana njia ya kutambua kilichofichwa. Iweke kando kwa vipindi viwili vitatu vya mwanzo.

Anzeni na SQLite, hifadhidata ndogo. Hifadhidata nzima ni faili moja, haitaki seva wala nenosiri, na kwa kawaida huja pamoja na Python. Kwenye Python 3.12 kuendelea, andikeni python -m sqlite3 chama.db na mmeshaingia, bila kuchoma bando. Kila mmoja achore kwanza kwenye karatasi majedwali mawili ya chama cha akiba: wanachama (id, jina, simu) na michango (id, mwanachama_id, kiasi, tarehe). Kisha ayaunde mwenyewe kwa CREATE TABLE, safu (kolamu) ya mwanachama_id ikiwa na REFERENCES wanachama(id), yaani inarejelea id ya jedwali la wanachama, na aingize watu watano na michango kumi.

Hapo waache wakosee. Atakayeweka simu kuwa INTEGER (namba kamili) ataona sifuri ya 07 imepotea, kwa sababu namba haihifadhi sifuri ya mbele. Simu ni TEXT (maandishi). Halafu waingize mchango wa mwanachama namba 99, ambaye hayupo. SQLite itaupokea bila neno, maana kwa kawaida ukaguzi wa uhusiano huwa umezimwa. Wafute mstari huo, waandike PRAGMA foreign_keys = ON; ili kuuwasha ukaguzi, na kujaribu tena: sasa unakataliwa. Kijana aliyeona hayo mawili ameelewa kwa nini safu ina aina na kwa nini jedwali moja hutegemea jingine. Malizeni kwa JOIN (kuunganisha majedwali) na SUM (kujumlisha), mjue kila mwanachama ametoa shilingi ngapi.

Sasa rudisha Django. Waanzishe programu ndogo iitwayo chama na kuiongeza kwenye INSTALLED_APPS, orodha ya programu iliyo kwenye settings.py. Wakisahau, makemigrations (amri inayoandaa mabadiliko ya majedwali) itasema hakuna mabadiliko, na watadhani wamekosea kwenye models.py, faili linaloeleza majedwali. Waandike klasi Mwanachama na Mchango, waendeshe makemigrations, lakini wasikimbilie migrate, amri inayoyatekeleza mabadiliko hayo. Kwanza: python manage.py sqlmigrate chama 0001. Amri hii huchapisha SQL ambayo Django inakusudia kuitekeleza. Iwekeni kando ya ile waliyoandika kwa mikono yao, msome mstari kwa mstari. Wataona safu ya id imejiongeza yenyewe, ForeignKey (kiungo cha jedwali jingine) iliyoitwa mwanachama imekuwa safu ya mwanachama_id, na jedwali linaitwa chama_mchango, si michango. Kwetu sisi, hii ndiyo nusu saa yenye thamani kuliko zote katika kozi nzima, na inasikitisha kwamba mafunzo mengi huiruka.

Baada ya migrate, sajilini klasi hizo kwenye admin.py ili zionekane kwenye ukurasa wa usimamizi, mtengeneze mtumiaji msimamizi kwa createsuperuser, na waingize data kupitia kivinjari. Fomu, violezo (templates) na kuingia kwa watumiaji vingoje.

SWALI: Nimeongeza safu ya tarehe ya kuzaliwa kwenye models.py. Sasa kila ukurasa unaleta kosa: no such column. Nifute hifadhidata nianze upya? (Msomaji, Umoja)

JIBU: Usifute. Umebadilisha maelezo, jedwali lenyewe bado ni la zamani. Endesha makemigrations. Kama safu hairuhusu kubaki tupu, Django itakuuliza mistari iliyopo tayari ijazwe nini. Usiibandikie watu tarehe ya uongo: chagua kuondoka (Quit), ongeza null=True na blank=True kwenye safu hiyo ili iruhusiwe kubaki tupu, uendeshe makemigrations tena, kisha migrate. Na kama mle ndani kuna data ya watu wa kweli, simamisha seva na unakili faili la db.sqlite3 kabla ya kugusa chochote.