Manjano, maji ya moto na uvimbe wa titi

SWALI: Dada yangu mkubwa amegundulika kuwa na saratani ya titi na amepangiwa kuanza tibakemia mwezi ujao. Shangazi yetu humkanda kila jioni kwa maji ya moto na kumpaka manjano, akisema kwamba siku hizi hata wanasayansi wanatibu saratani kwa joto na mimea. Je, ni kweli? Na kama ni kweli, tunaweza kuahirisha hospitali kwanza tuone? – Msomaji, Tanga

JIBU: Shangazi yenu hakulizua jambo hili, ila anachokifanya jioni sicho kinachofanywa hospitalini.

Tiba ya joto hutolewa kwa mashine inayopeleka mawimbi ya redio au ya maikrowevu kwenye uvimbe mpaka ufikie nyuzi 40 hadi 43 hivi za selisiasi kwa muda wa saa moja, huku vipimajoto vikifuatilia kila badiliko. Joto hilo haliachwi lifanye kazi peke yake. Huambatanishwa na mionzi, kwa sababu seli iliyopashwa joto hushindwa kukarabati madhara ya mionzi, na damu inayoongezeka huleta oksijeni ambayo mionzi huihitaji. Mwaka 1996 yalichapishwa matokeo ya majaribio matano yaliyokusanywa pamoja, yenye wagonjwa 306 wa saratani ya titi iliyo karibu na ngozi: uvimbe ulitoweka kabisa kwa asilimia 41 ya waliopewa mionzi pekee, na kwa asilimia 59 ya walioongezewa joto. Walionufaika zaidi ni wale ambao saratani iliwarudia mahali palipokwisha kupigwa mionzi, ingawa haikuonekana kwamba waliishi muda mrefu kuliko wenzao. Kitambaa cha maji ya moto hakifiki huko, kwa kuwa damu huliondoa joto lake kabla halijazama, na ngozi itababuka kabla uvimbe haujapata joto la kutosha.

Kuhusu mimea, hoja ya watafiti inavutia. Seli inayopashwa joto hujitetea kwa kutengeneza protini maalumu za kuikinga, na kwesetini, iliyomo katika vitunguu, imeonekana maabara ikizuia utengenezaji huo. Kurkumini ya manjano nayo imeua seli za saratani ya titi katika vyombo vya maabara. Tatizo ni kwamba kurkumini inayomezwa hufyonzwa kidogo mno na kuvunjwavunjwa upesi na ini, kwa hiyo kiasi kinachofika kwenye titi hakikaribii kile cha maabara. Tena kuna hatari ambayo wengi hawaijui: mwaka 2019 watafiti wa Rotterdam, Uholanzi, waliona kwamba vidonge vya kurkumini vilipunguza kiwango cha tamoksifeni katika damu ya wanawake waliokuwa wakiitumia kwa saratani ya titi, na kilipungua zaidi pale kiini cha pilipili manga kilipoongezwa.

Mmea uliofaulu mtihani huenda dada yako akaupata kwenye dripu. Paklitakseli, dawa ya tibakemia, ilitokana na magome ya mti yaliyokusanywa mwaka 1962 katika jimbo la Washington, Marekani. Umbo lake la kikemia likachapishwa mwaka 1971, na ikaidhinishwa huko kwa saratani ya titi mwaka 1994. Zaidi ya miaka thelathini ilipita kati ya gome na idhini, na sehemu ya muda huo ilitumika kutafuta kipimo kinachoidhuru saratani bila kumwangamiza mgonjwa.

Kwa hiyo msiahirishe. Saratani ambayo leo imo ndani ya titi inaweza kuhamia kwenye tezi za kwapani na kwingineko wakati mnasubiri. Kukanda kukome sasa, hasa ikiwa baadaye atapigwa mionzi, maana ngozi iliyopitia mionzi huumia upesi. Mchuzi wenye manjano aendelee kuula. Vidonge na unga wa kunywa asitumie bila kumwambia daktari wake. Na shangazi asiachwe nyumbani siku ya kliniki: aende naye, na mkebe wake wa manjano aubebe, daktari auone.