Kuteremka bonde la Kombeni: maswali yenu, majibu yangu

Masika yamekatika, kusi inavuma, na wanaotaka kutoka kisiwani Mombasa kwenda kutembea bara wamekuwa wengi. Wanaulizia zaidi njia ninayoipenda mwenyewe: kuanzia Rabai, kule Kilifi, kuteremka bonde la Mto Kombeni, kuufuata mto saa mbili tatu, kisha kupanda na kupita vijijini mpaka barabarani. Haya ndiyo mliyouliza.

Nakaa Tudor na nina Jumamosi moja tu. Nitakwenda na kurudi kabla ya magharibi? Na kwa nini usitupeleke maporomoko ya Sheldrick yanayosifiwa na kila mtu?

Utarudi, inshallah, mradi uwahi. Sali alfajiri, panda gari la Kaloleni au la Mazeras. Ukiteremkia Mazeras utamalizia kwa bodaboda. Saa mbili asubuhi uwe umeshaanza kuteremka, kwa sababu mchana bonde lile hugeuka tanuri, vilima vikiwa vimeuzuia upepo pande zote mbili.

Wewe wa Tudor una haki na mto huu kuliko wengi wetu. Kombeni huanzia upande wa Mariakani na kumwaga maji katika hori hilohilo unaloliona ukisimama ufukweni kwenu. Tope linalotua mikokoni baada ya mvua kubwa ni udongo wa mashamba ya huko juu. Na lile jiwe la rangi ya udongo tunalotandaza barazani, tukaliita mazeras, huko utalikuta bado ni mwamba, limelaliana tabaka juu ya tabaka kama chapati kwenye sahani.

Sheldrick ni pazuri, sina ubishi. Iko ndani ya Hifadhi ya Shimba Hills, Kwale, iliyotangazwa mwaka 1968, na maji yanaanguka zaidi ya mita 20. Mnateremka kama kilomita mbili na askari wa KWS, shirika la wanyamapori, na mkijaaliwa mtamwona palahala, swala mkubwa ambaye Kenya hii hapatikani kwingine porini. Lipieni mapema kupitia eCitizen, mtandao wa malipo wa serikali. Ukiwa na watoto wadogo, nenda huko. Lakini huko hutapita uani kwa mtu wala hutaitikiwa salamu na bibi anayepura mahindi, na mimi hayo ndiyo yanayonitoa nyumbani.

Nina ramani kwenye simu. Kiongozi wa nini?

Ndugu yangu, mwaka 1848 Rebmann, mmisionari Mjerumani, alitoka Rabai kwa miguu hadi akauona Kilimanjaro, na aliyeongoza msafara ule alikuwa Mswahili, Bwana Kheri. Njia za bara zimeongozwa na wenyeji siku zote. Simu itakuonyesha mstari wa buluu wa mto. Haitakuonyesha shamba la nani limepandwa mihogo juzi, wala mpaka wa kaya, msitu mtakatifu wa Wamijikenda, uko wapi. Ulizia Rabai mtu anayeishi kando ya mto, patana naye bei kabla hamjaondoka, na umlipe yeye mwenyewe mkononi au kwa M-Pesa.

Nikiamka mbingu ikiwa safi, si naweza kwenda tu hata mwezi wa kumi na moja?

Hapana. Naomba jibu hili ulisome mara mbili.

Maji yanayoua bondeni mara nyingi hayanyeshi juu ya kichwa chako. Hunyesha mbali, kwenye vyanzo, ardhi ikashindwa kuyanywa, yakakusanyika yote na kuja kwa pamoja kwenye ule mfereji mwembamba ambao wewe umekaa unakula. Korongo la Hell's Gate kule Naivasha limesomba watu kwa njia hii Aprili 2012 na tena Septemba 2019. Kombeni ni mpana kuliko korongo lile, lakini kanuni ya maji ni moja.

Nimeyaona kwa macho yangu. Ilikuwa Novemba, jua linawaka. Tulikuwa tumeketi juu ya mawe katikati ya mto, mahamri mkononi, kiongozi wetu akitusimulia habari za mashamba. Akanyamaza katikati ya sentensi. Akachutama, akatia kiganja majini, akatazama juu ya mto. Likapita jani moja kavu la mgomba, kisha vijiti, kisha maji yakaanza kubadilika, taratibu kabisa, yakawa rangi ya chai ya maziwa. "Pandeni," akasema, wala hakupaza sauti. Tuliacha chupa ya chai pale pale. Tulipofika kwenye mkorosho ulio juu na kugeuka, jiwe nililokuwa nimelikalia halikuonekana tena, na mngurumo ulikuwa kama wa lori linalopanda mlima.

Basi: masika, Aprili hadi Juni, usishuke. Vuli, Oktoba hadi Desemba, usishuke bila mwenyeji aliyepiga simu Mariakani kuuliza kama kumenyesha. Julai hadi Septemba ndio wakati mzuri, hata joto limepungua. Januari na Februari panakauka, ila jua la kaskazi ulivumilie. Na mto ukikufungia njia, kaa juu usubiri. Maji ya kasi yenye kina cha sentimita 15 tu yanaweza kumwangusha mtu mzima. Afadhali ulale kwa watu Rabai kuliko kujaribu kuvuka.

Mimi navaa buibui. Nitaweza? Na viatu je?

Utaweza, dada. Vaa suruali ndani, na kwenye mteremko ulikunje buibui ulifunge kwa leso kiunoni. Akina mama wa kule hupanda vilima hivyo na leso zao, mtungi kichwani. Viatu viwe vya kufunga, vyenye meno. Ndara ziache nyumbani. Beba maji lita tatu kila mtu.

Watoto wangu watataka kuoga. Yale maji ni salama?

Kichocho kipo pwani yetu, Kwale na Kilifi zote, kwa hiyo uwe mwangalifu. Konokono wadogo wanaoishi kwenye maji yasiyo ya chumvi yaliyotulia, hasa penye majani, hutoa vijidudu vinavyopenya ngozi nzima, bila kidonda wala mkwaruzo, na jua la mchana ndilo wakati wao. Kidimbwi kizuri kilichotulia, kile kinachowavutia watoto, ndicho cha kuogopwa. Kuvuka haraka penye maji ya kasi hatari yake ya kichocho ni ndogo. Mtoto aliyeoga kisha baada ya wiki kadhaa akakojoa mkojo wenye damu, mpeleke hospitali bila kuona haya; dawa ipo, praziquantel, na inatibu.

Nyanya yangu amenikataza. Anasema bonde lile lina mizimu.

Usimbishie nyanya. Misitu ya kaya za Rabai, ambayo UNESCO iliitia kwenye urithi wa dunia mwaka 2008, imesimama mpaka leo kwa sababu ya katazo kama hilo lake. Pembeni miti imekatwa kwa makaa na mashamba, ndani ya kaya mingi imebaki. Mkaombe kibali kwanza kwa wazee wa kaya, na mkiambiwa hapa hapapitwi, zungukeni. Ukikuta pangoni chupa ya marashi, ubani au kitambaa chekundu, usishike na usipige picha. Mwambie nyanya kwamba utakwenda kwa adabu hiyo, pengine atakupa radhi.

Tubebe nini kwa ajili ya watu wa vijijini? Pipi za watoto?

Pipi hapana. Zinawafundisha watoto kumkimbilia mgeni mkono wazi, na wazazi wao hawapendi. Nunueni: dafu la kuchumwa mbele yenu, maembe yakiwa msimu, chakula cha mchana mlichoagiza mapema kwa mwenye nyumba, sima na mboga ya mchunga uliochanganywa na nazi. Piga hodi, subiri kukaribishwa, waamkie wazee.

Na jambo moja linaniuma. Wako wageni wanaonawa kwa sabuni mtoni na kusuuzia humo vyombo vya pilau. Sisi wa kisiwani maji yetu hutoka kwa watu wa mbali, Marere ndani ya Shimba Hills, Mzima, Baricho, yakatufikia kwa bomba. Mama wa bondeni anateremka mwenyewe na mtungi wa lita 20, na akifika anakuta povu lako. Chota maji kwenye dumu, nenda mbali na mto hatua hamsini, unawie huko, umwage mchangani.