Lupu yangu inaruka Februari, niweke siku 30?

SWALI: Shikamoo kaka. Natengeneza kwa PHP (lugha ya kuandikia programu) mfumo wa marejesho wa kikundi cha kuweka na kukopa hapa Moshi. Mkopo wa 31 Januari 2025 nikiupitisha kwenye lupu (kipande cha programu kinachojirudia), kila mzunguko ukiongeza `+1 month`, ratiba inaanza 3 Machi, halafu 3 Aprili, 3 Mei. Februari haipo. Jamaa mmoja amenishauri niongeze siku 30 badala ya mwezi. Niweke?

JIBU: Marahaba. Usiweke.

PHP haijakosea. Ilisogeza mwezi ikapata 31 Februari, mwezi wenyewe una siku 28, zile tatu zilizozidi zikamwagikia Machi. Na kwa kuwa kila mzunguko unaanzia ulipoishia uliotangulia, hiyo tarehe 3 itaganda hadi mkopo uishe.

Sasa huyo mshauri wako. Dawa yake ya siku 30 naikuta hapa Arusha karibu kila ninapoitwa kufufua mfumo wa mtu. Shika kalenda uhesabu: 31 Januari ukijumlisha siku 30 unaangukia 2 Machi. Februari imerukwa vilevile! Na miezi 12 ya siku 30 ni siku 360, kwa hiyo mkopaji wa mwaka mzima anadaiwa rejesho la mwisho 26 Januari, siku tano kabla ya haki yake. Wengine huandika sekunde 2592000, yaani siku 30 zilezile, ili kosa lilelile lifanane na utaalamu.

Anzia tarehe 1 ya mwezi wa mkopo, maana tarehe 1 haikosekani mwezi wowote. Songa mwezi mmoja mmoja, kila mwezi uulize una siku ngapi kwa `format('t')`, kisha chukua iliyo ndogo kati ya jibu hilo na 31, tarehe ya mkopo wako. Utapata 28 Februari, 31 Machi, 30 Aprili. Tumia `DateTimeImmutable`, aina ya tarehe ya PHP ambayo ukiisogeza inakupa tarehe mpya bila kugusa ya awali. (Lakini muulize kwanza katibu, katiba ya kikundi inasemaje kuhusu mwisho wa mwezi. Hilo si la PHP kuamua.)

Wajumlisha sekunde wana balaa jingine. Sisi hatusogezi saa, hivyo sekunde 86400 kwa siku haziwaumbui hapa. Seva ikiwekwa majira ya Ulaya, Oktoba saa hurudishwa nyuma, kuna siku ya saa 25, na lupu inayoanzia usiku wa manane inaandika tarehe moja mara mbili. Ikiwa kwenye UTC (saa ya kimataifa, iliyo nyuma yetu kwa saa tatu), malipo ya saa saba usiku yanasomeka ya jana. Majira ya mfumo weka `Africa/Dar_es_Salaam`.

Kabla ya kukabidhi, jaribu 31 Januari, 29 Februari 2024 na 31 Desemba. Mifumo ninayoitiwa ilijaribiwa kwa tarehe 15, ikapita, fundi akalipwa akaondoka.