Paneli za mbao na hewa ya ziwa: nawajibu

Tangu nitaje kwenye safu hii zile paneli nene za mbao ambazo nchi nyingine zinajengea ghorofa, maswali hayajakoma. Kwa aliyepitwa: ni mbao laini zilizokaushwa kiwandani, zikapangwa tabaka juu ya tabaka, kila tabaka likikingama lile la chini yake, kisha zikagandishwa kwa gundi ndani ya presi. Tabaka huwa 3, 5 au 7. Kwenye biashara zinaitwa CLT, kifupi cha Kiingereza cross-laminated timber. Mimi naziita mbao mtambuka. Zilianza kushika kasi Austria na Ujerumani miaka ya 1990, na Chuo Kikuu cha Ufundi cha Graz kilifanya kazi kubwa ya kuzipima. Pale Murray Grove, London, kuna jengo la ghorofa 9 lililokamilika mwaka 2009: ya chini ni zege, 8 zilizobaki ni paneli hizi, kuta na sakafu.

Shikamoo mhandisi. Mimi ni seremala wa Igoma, hapa Mwanza. Ubao wa inchi 8 nikiuacha juani wiki moja umeshapinda. Hizo pana kama ukuta zinanyooka vipi?

Marahaba, fundi. Wewe mwenyewe unajua kwamba ubao haurefuki wala haufupiki kwa kiasi cha kuonekana. Unatanuka na kusinyaa kwa upana. Kwa mbao laini, unyevu (uzito wa maji ukilinganishwa na uzito wa mbao kavu) ukibadilika kwa asilimia 1, upana unabadilika kwa asilimia 0.24 hivi. Ubao wako wa sentimita 20 ukishuka kutoka unyevu wa asilimia 16 hadi 12 unapoteza karibu milimita 2, na kwa kuwa uso mmoja unawahi kukauka kuliko mwingine, unajikunja.

Kwenye paneli, kila ubao umeshikwa juu na chini na wenzake waliolala kinyume, na hao kwa urefu wao hawasogei. Kwa hiyo upana wa paneli nzima unabadilika kwa asilimia 0.02 tu kwa kila asilimia 1 ya unyevu. Piga hesabu ya paneli ya upana wa mita 3 kwa mabadiliko yale yale: inasogea milimita 2 na nusu. Kama mbao zote zingelala upande mmoja ingesogea karibu sentimita 3, na milango yako yote ingekwama.

Ila unene haujashikwa na kitu. Paneli ya sentimita 14 itavimba au kusinyaa milimita 1 na zaidi kidogo, sawa na mbao yoyote. Nyumba ya chini hutaona tofauti. Kwenye ghorofa nyingi, ambako sakafu zimebanwa kati ya kuta, vijimilimita hivyo vinajumlishana, na fundi bomba asipoambiwa atakuja kushangaa kwa nini bomba lake la wima limepasuka kwenye kiungo.

Jambo jingine: nguvu ile iliyozuiwa haipotei, inabaki ndani ya mbao. Ikifika Juni hadi Agosti, upepo mkavu ukivuma, utaona nyufa usoni zikifuata mwendo wa nyuzi, na mianya kati ya ubao na ubao. Hizo zisikupe presha. Ufa wa kukutia wasiwasi unautafuta ubavuni mwa paneli, kwenye mstari wa gundi kati ya tabaka na tabaka. Kama unaweza kupitisha hapo ukingo wa karatasi, hiyo paneli irudishwe ilikotoka.

Mimi ni msimamizi wa saiti, Nyakato. Slabu ya zege naijua. Paneli ya sentimita 14 ukiilaza kwenye chumba cha mita 4 itabeba watu, au itacheza?

Swali zuri, na jibu lake ndilo linalowachanganya hata wahandisi waliosomea zege. Tuchukue paneli ya tabaka 5: nje milimita 40, kisha 20, 20, 20, na 40 tena. Mzigo tuseme kilo 370 kwa mita mraba: paneli yenyewe kama kilo 67, sakafu ya juu yake 100, watu na samani 200. Kwanza angalia huo uzito wa paneli. Slabu ya zege ya sentimita 15 ni kilo 360 kabla hujaweka hata kiti.

Mbao za daraja la kawaida la ujenzi Ulaya zina nguvu ya kupinda ya nyutoni 24 kwa milimita mraba (nyutoni 10 ni kama uzito wa kilo 1). Kwa mzigo wetu, mkazo kwenye uso wa paneli unafika kama nyutoni 2.5. Yaani hata ukipunguza kwa ajili ya usalama na muda wa mzigo, kuvunjika si tatizo. Kinachoamua ni mnepo, yaani paneli kubonyea katikati, na mtikisiko. Kwa hesabu ya mkono, paneli hiyo inanepa milimita 6 hivi katikati ya mita 4, na hiyo ni sawa. Lakini mzigo unaokaa hapo miaka na miaka huongeza mnepo wake polepole hadi ukakaribia maradufu, kwa hiyo anayepiga hesabu ya siku ya kwanza tu amepiga nusu ya hesabu. Na kabla hujafika kwenye namba zote hizo, mtu akitembea juu yake usiku, aliyelala chumba cha pili anaweza kuhisi. Upana wa chumba unaamuliwa na usingizi wa watu zaidi ya uwezo wa mbao.

Sasa sikiliza hili vizuri kwa sababu ndilo la saiti. Ukiikosea paneli hiyo hiyo, ukaigeuza nyuzi 90 ili tabaka za nje zilale kinyume na mwendo wa mzigo, ugumu wake unashuka mara 12. Milimita 6 zinakuwa zaidi ya sentimita 6. Kwa macho ni paneli ile ile, uzito ule ule, rangi ile ile. Ikiwa vipimo vyake vinakaribia mraba, hakuna kitu cha kukuzuia kuikosea. Mtu wa saiti achore mshale kwa rangi kabla kreni haijainua chochote, na mshale huo usifutwe hadi paneli imefungwa skrubu.

Udhaifu wa pili umejificha ndani. Zile tabaka za kukingama, mzigo ukija, nyuzi zake zinataka kubingirika moja juu ya nyingine, kama fito zilizopangwa sakafuni halafu mtu akakanyaga juu yake. Nguvu ya kuhimili huko kubingirika ni nyutoni 1 tu hivi kwa milimita mraba. Kwa mzigo uliotandazwa hutafika huko. Utafika haraka ukisimamisha nguzo moja nzito katikati ya sakafu, au ukikata tundu kubwa la ngazi karibu na ukuta. Matundu yote yachorwe kabla ya oda. Msumeno wa kukatia ovyo ovyo uacheni nyumbani.

Kaka, kwema? Kiwanja changu kiko Luchelele, hatua chache kutoka majini. Asubuhi hata chumvi inalowa kwenye kopo. Mbao si zitaoza?

Kwema, dada. Hapana, hewa ya ziwa peke yake haiozeshi mbao. Mbao huvuta unyevu hewani hadi zifikie mizani na hewa hiyo. Hewa yenye unyevu wa asilimia 65 huiweka mbao kwenye asilimia 12. Hewa ya asilimia 80 huiweka kwenye 16 hivi. Kuvu wa kuozesha wanahitaji mbao iliyoshiba, karibu asilimia 30, na sisi kwa tahadhari tunaanza kuhangaika ikivuka 20 na kubaki hapo. Chumvi yako inalowa, lakini paneli iliyo ndani ya nyumba yenye madirisha yanayofunguka itazunguka kati ya 12 na 16 mwaka mzima.

Hiyo haimaanishi unyevu haugusi kitu. Kwa mbao safi isiyo na vifundo, kila asilimia 1 inayoongezeka juu ya 12 inapunguza nguvu ya kubanwa kwa karibu asilimia 5, na ugumu wa kupinda kwa asilimia 1 hadi 2. Kwa hiyo mhandisi wako asinakili majedwali ya vyumba vyenye hita vya Ulaya. Kule wana madaraja ya mazingira: la kwanza ni ndani pakavu, la pili ni chini ya paa lakini hewa nzito, la tatu ni kwenye mvua. Nyumba ya Luchelele ningeipigia hesabu ya daraja la pili bila kubishana. La tatu paneli hizi haziruhusiwi kabisa, kwa hiyo ile baraza ya wazi ya kuangalia machweo, jenga kwa kitu kingine.

Kinachoziua ni maji yaliyotuama. Paneli ikilala saitini wakati wa vuli bila turubai, mvua moja ya alasiri inaacha dimbwi juu yake. Usoni maji yanaingia polepole, lakini kwenye ncha zilizokatwa, mlango na dirisha, vile vishimo vya nyuzi vinafyonza kwa kasi. Yakishavuka mstari wa gundi wa kwanza, kutoka ni kazi, kwa sababu gundi ile ile inayoshika mbao inachelewesha na kukauka. Siku tatu za jua uso umekauka, unapendeza, fundi anabandika vinyli au vigae juu yake. Tabaka la pili bado limelowa, na sasa limefungiwa.

Ndiyo maana kipima unyevu cha kubandika usoni hakitoshi. Tumia cha sindano ndefu zenye ngozi ya plastiki pembeni, ambazo ncha tu ndiyo inayosoma. Gonga hadi ncha ivuke mstari wa gundi wa kwanza, hasa karibu na ncha zilizokatwa na chini ya kuta. Mimi sifungi sakafu ikisoma zaidi ya 16. Mwenye nyumba akisema anahamia Jumamosi, ahamie na turubai.

Choo na bafu: weka utando wa kuzuia maji, panda nao ukutani, na acha mahali pa kuchungulia kwa chini. Uvujaji wa bomba unaouona siku ile ile unagharimu rangi. Usiouona miaka miwili unagharimu paneli.

Na moto?

Mbao nene huungua pole pole: kama milimita 0.65 kwa dakika, karibu sentimita 4 kwa saa, na mkaa unaojitengeneza nje unakinga mbao ya ndani. Kasoro iko kwenye gundi. Zipo gundi zinazolegea kwa joto, tabaka lililoungua likadondoka na moto ukapata mbao mpya ya kuanza nayo. Muulize muuzaji gundi yake imepimwaje motoni. Akibabaika, umepata jibu.

Mchwa wa Kisesa wamenilia kenchi na papi zote. Hizi watazishindwa?

Hawatazishindwa. Paina haina ukinzani wa asili, na kuikata tabaka hakuiongezei. Inua nyumba juu ya msingi wa zege angalau sentimita 30, piga dawa ya mchwa ardhini, na acha upande wote wa msingi uonekane ili vichuguu vya udongo vinavyopanda uvione na kuvivunja. Usirundike kuni ukutani.

Nina mashine ya kupasua mbao Sengerema. Paina za Buhindi na Rubya zipo. Kwa nini nisitengeneze hizi paneli mwenyewe?

Ndugu yangu, wazo sina ubaya nalo, ila anza na maji. Viwanda vinagandisha mbao zikiwa kwenye asilimia 12, kasoro 2 au zaidi 2. Mbao tunazouziana hapa nyingi zinatoka msumenoni zikiingia sokoni. Jipime: kata kipande, kipime mzani wa duka, kiweke kwenye oveni ya mwoka mikate kwenye nyuzi joto 103 hadi kisipungue tena uzito, kipime upya. Kikiwa gramu 312 kikarudi 240, tofauti ni 72. Gawa kwa 240 unapata asilimia 30. Hiyo ukiigandisha leo, itakapokauka itajichana yenyewe.

Panga mbao kivulini, vijiti katikati, upepo upite, vuta subira. Au jenga tanuri la kukaushia. Kisha randa nyuso zote na gandisha siku hiyo hiyo, kabla hazijachafuka. Gundi nyeupe ya maji ya kutengenezea vitanda haifai hapa: ikibebeshwa mzigo wa kudumu inateleza kidogo kidogo, na ikilowa inalegea. Presi nayo si vibano vya seremala. Kwa gundi nyingi unahitaji nyutoni 0.6 na zaidi kwa kila milimita mraba, yaani tani 60 kwa kila mita mraba ya paneli.

Paina iliyovunwa changa ina kiini kilegevu kinachopenda kujisokota. Hicho usikitupe, kipeleke kwenye tabaka za ndani, mbao zilizokomaa zikae nje ambako mkazo ni mkubwa. Halafu kata sampuli, loweka hadi ishibe, kausha, ingiza patasi kwenye mstari wa gundi na ugonge. Ikichanika mbao, gundi imeshika. Ikiachia gundi safi, inayong'aa, anza upya.

Nimepata vipande viwili vilivyobaki kwenye mradi wa watu. Nataka kuvitengenezea sakafu ya mtumbwi na kagati kadogo hapa Kirumba. Vitadumu?

Havitadumu. Mtumbwi unajengwa kwa mbao ndefu zinazofuata mwendo mmoja, zikivimba zinabana pamba ya kalafati iliyozibwa kwenye viungo na maji hayaingii. Paneli ikivimba unene huku upana umezuiwa, mstari wa gundi ndio unaolipa, na kwenye gati utalowa na kukauka kila siku. Tengeneza meza ya kupimia samaki, ndani, chini ya paa. Ncha zilizokatwa zipake rangi ya mafuta mara mbili kabla hujaanza kuziosha.